Mmoja Analia, Mwingine Anakoroma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu Nzito za Baada ya Maangamizi

Ukurasa huu unahusu filamu za sanaa zinazoonyesha dunia ikiwa imeshaharibika: mwendo wa taratibu, maneno machache, giza jingi, na mwisho usiompa mtu faraja. Tahadhari moja kabla hujaendelea: baadhi ya majibu yanamwaga mchele. Kama hujaitazama filamu inayotajwa na hutaki kujua yaliyomo, ruka jibu hilo.

Inakuwaje watu wawili watoke ukumbi mmoja, huyu akisema kaona kazi bora na yule akidai kaibiwa hela?

Mara nyingi hawabishani kuhusu walichokiona. Soma maoni ya nyota tano na ya nyota moja, moja baada ya jingine, utakuta yanataja vitu vilevile: upepo usiokoma, mtu anatembea dakika nne bila kutamka neno, hakuna anayeeleza chochote. Mmoja kayaandika kama sifa, mwenzake kama mashtaka.

Kinachowatenganisha zaidi ni ahadi waliyopewa kabla ya kuingia. Mfano mzuri ni It Comes at Night ya Trey Edward Shults, ya mwaka 2017. Ilitangazwa kama filamu ya kutisha, na jina lenyewe linadokeza kwamba kuna kitu kitakuja usiku. Ndani yake kuna familia mbili katika nyumba moja msituni, ugonjwa uko nje, na kutoaminiana kunapanda siku hadi siku. Dubwana halitokei. Wahakiki wengi waliisifu, ilhali watazamaji wa mwanzo waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya alama za watazamaji, waliipa D, alama ya chini. Waliotoa D hiyo si kwamba hawakuelewa filamu. Waliuziwa mbuzi kwenye gunia, wakafungua gunia wakakuta kondoo. Kondoo anaweza kuwa mnono kabisa, lakini hasira ya mnunuzi iko palepale.

Alama ya wastani, tuseme 6 kati ya 10, inaniambia nini kuhusu filamu ya aina hii?

Kidogo sana, na wakati mwingine inapotosha. Chukua watu 100. Arobaini wanatoa 10, arobaini wanatoa 2, ishirini wanatoa 6. Wastani ni 6 kamili. Sasa chukua filamu nyingine ambayo watu wote 100 wametoa 6. Wastani ni uleule. Ya kwanza imewagusa au kuwaudhi watu 80. Ya pili haikumfanyia mtu chochote. Kwenye orodha zinakaa bega kwa bega.

Kwa hiyo usiishie kwenye namba kubwa. Fungua mgawanyo wa kura, ule mchoro wenye vijiti kuanzia 1 hadi 10. Vijiti virefu vikiwa kwenye ncha zote mbili na katikati kukiwa na bonde, hiyo ni filamu ya ubishi, na swali lako si kama ni nzuri, ni kama wewe uko ncha ipi.

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, nayo husomwa vibaya kila siku. Haipimi kiasi ambacho watu wameipenda filamu. Inahesabu wangapi kati ya wahakiki wameiunga mkono. Wahakiki 100 wakiipa filamu 6 kila mmoja kwa moyo wa "haya, inapitika", inaweza kupata 100%. Nyingine ikipewa 10 na wahakiki 70, kisha 2 na waliobaki 30, inapata 70%, ingawa wastani wake ni 7.6 na ndiyo iliyopendwa zaidi. Filamu nzito za maangamizi huangukia kundi hili la pili mara kwa mara.

Mbona wahakiki na watazamaji wa kawaida wanapishana hivyo?

Hawakufika kwa njia moja. Mhakiki anaingia kwa sababu ni kazi yake, mara nyingi kwenye tamasha, akimjua mwongozaji na mtindo wake. CinemaScore, kwa upande mwingine, huwauliza watazamaji usiku wa kwanza filamu inapotoka, yaani watu walioletwa hasa na trela na matangazo. Alama yao hupima kama filamu imetimiza ahadi yake. Ni kipimo halali, ila si kipimo cha ubora.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: uchovu wa kazi. Anayetazama filamu mia kadhaa kwa mwaka amechoka na hadithi zinazojulikana mwisho wake tangu dakika ya kumi, kwa hiyo chochote kinachovunja desturi kinamzindua. Anayetazama filamu mbili kwa mwezi hana uchovu huo, wala halazimiki kuwa nao.

"Hakuna kinachotokea." Kweli hakuna?

Yanatokea, ila ni madogo. Tazama The Turin Horse (2011) ya Béla Tarr na Ágnes Hranitzky, filamu isiyo na rangi iliyopata tuzo kuu ya majaji mjini Berlin mwaka huohuo na ambayo bado inaitwa mateso na watu wengi tu. Baba, binti yake, nyumba ya mawe, upepo, na farasi anayegoma kwenda. Siku sita. Kila siku wanakula kiazi cha kuchemsha, kimoja kwa kila mtu.

Siku ya kwanza kamera inakaa kwa baba. Mkono wake mmoja hauna nguvu, hivyo kiazi cha moto anakimenya kwa vidole vya mkono mmoja, anakipuliza, anakipondaponda, anatia chumvi, anabugia kikiwa bado kinaunguza, anaacha mabaki kwenye sahani, anakwenda kukaa dirishani. Siku ya pili mlo ni uleule, lakini kamera imehamia kwa binti, naye anakula taratibu. Anayesubiri jambo jipya anasema: kiazi tena? Anayehesabu vilivyopungua anaona mambo mengine. Farasi haendi, kisha hali. Kisima kinakauka. Taa imejazwa mafuta na bado haiwaki. Siku ya sita viazi viko mezani vikiwa vibichi, kwa sababu moto umekwisha. Kiazi hicho kibichi ndicho mlipuko wa filamu nzima, na kisingekuwa na uzito wowote kama usingekalia milo iliyotangulia.

Hilo halimaanishi kila filamu ya taratibu ina sababu. Kipimo ni hiki: tukio likiondolewa, je, lijalo linapoteza kitu? Kama halipotezi, mlalamikaji ana haki yake. Zipo filamu ambazo ni ndefu kwa sababu tu mwongozaji aliyapenda mno mawingu yake.

Kwa nini shoti ni ndefu hivyo?

Shoti ni kipande cha picha kisichokatwa, toka mkato mmoja hadi mwingine. Filamu hiyo ya Tarr ina shoti 30 tu katika muda wa karibu saa mbili na nusu, yaani kila moja ni takriban dakika tano. Stalker (1979) ya Andrei Tarkovsky, ambayo mara nyingi huwekwa katika kundi hili, ina shoti kama 142 kwa saa mbili na dakika arobaini na kitu: zaidi ya dakika moja kila moja. Filamu ya kawaida ya mapigano hukata kila baada ya sekunde chache.

Kila mkato humwambia mtazamaji aangalie wapi. Ukiondoa mikato, kazi hiyo inamrudia mwenyewe. Kwa kawaida jicho hupita hatua tatu: linakamata habari ya picha katika sekunde za mwanzo, linachoka na kutaka mkato, kisha, mkato usipokuja, linaanza kuzurura na kuona vitu vya pembeni, kama maji yanayochuruzika ukutani au sauti iliyobadilika. Watu wengi wanaoacha huacha katika hatua ya pili, na hatua hiyo inakera kwelikweli. Katika Stalker, safari ya kigari cha reli ndiyo darasa lenyewe: dakika kadhaa za visogo vya wanaume watatu, huku mlio wa magurudumu ukigeuka polepole kuwa muziki. Ukiona umeanza kusikia mabadiliko hayo, umeshavuka.

Kwa nini hawasemi dunia iliharibiwa na nini?

Kwa sababu waliomo ndani mara nyingi hawajui, na wangejua isingewasaidia kupata maji. Time of the Wolf (2003) ya Michael Haneke haitaji chanzo. The Road (2009) ya John Hillcoat, iliyotokana na riwaya ya Cormac McCarthy, nayo haitaji. Chanzo kikishatajwa, filamu inageuka kuwa fumbo la nani alaumiwe na vipi tungezuia. Kisipotajwa, kinachobaki ni watu na namna wanavyotendeana.

Mwisho ulimaanisha nini?

Anza na swali dogo zaidi: picha ya mwisho imebadilisha nini ukilinganisha na ya kwanza? Rudi dakika tano za mwanzo, zitazame tena mara tu filamu inapoisha. Mwongozaji makini huacha jozi: mlango uliokuwa wazi sasa umefungwa, rangi iliyokuwepo haipo, sauti iliyokuwa nyuma sasa imetawala. Jozi hiyo itakupa mengi kuliko video za "mwisho umefafanuliwa", ambazo kwa kawaida huchukua uwezekano mmoja na kuutangaza kama hukumu.

Nimetazama nyumbani, sikuona kitu. Giza tupu. Ni filamu au ni runinga?

Mara nyingi ni runinga, na malalamiko mengi ya "picha mbaya" yanaanzia hapa. Filamu hizi hufanya kazi kwenye sehemu nyeusi za picha, mahali ambapo mipangilio ya kiwandani hufanya vibaya zaidi. Rekebisha kwa mpangilio huu:

1. Badilisha hali ya picha iwe ya sinema, kwa kawaida imeandikwa Cinema, Movie au Filmmaker. Achana na ile ya kung'aa sana. Imewekwa ili runinga ipendeze dukani.
2. Zima kuokoa umeme na kihisio cha mwanga wa chumba. Hivi viwili hushusha mwanga chumba kinapokuwa na giza, yaani wakati uleule unaouhitaji.
3. Zima kulainisha mwendo. Kila kampuni imeipa jina lake, ila neno Motion huwa halikosekani. Kazi yake ni kubuni fremu za ziada kati ya fremu 24 za kila sekunde, na matokeo ni picha kama ya tamthilia ya studio.
4. Kama unatumia kebo ya HDMI na weusi wote umekuwa bonge moja, angalia kiwango cha weusi kwenye kifaa na kwenye runinga. Kifaa kikiwa Full na runinga ikiwa Limited, maelezo ya kivulini yanamezwa. Vifananishe.
5. Zima taa iliyo mbele ya kioo. Taa hafifu nyuma ya runinga haina neno.

Ukiona giza lina ngazi-ngazi kama mistari ya mawimbi, mara nyingi hilo si tatizo la runinga. Video imebanwa mno. Ongeza ubora wa picha kwenye huduma unayotumia, au pakua kwanza ndipo utazame.

Mistari myeusi pembeni si hitilafu. Stalker imepigwa kwa picha inayokaribia mraba. Ukiivuta ijaze kioo, unawanenepesha watu.

Na sauti? Mara sisikii, mara nashtuka.

Sauti ya njia nyingi ikilazimishwa kupita kwenye spika mbili, maneno ndiyo huumia kwanza, maana yalikuwa yametengewa spika ya katikati. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua Stereo au PCM. Hali ya usiku hupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Itakusaidia kusikia maneno, lakini inaua ukimya, na ukimya ndio nusu ya filamu hizi. Hedifoni za kawaida zenye waya ni dawa bora kuliko hali ya usiku.

Naweza kuitazama kwa kasi ya 1.5?

Hapana. Bora usome muhtasari, utaokoa muda zaidi.

Nigawe mara mbili?

Stalker ina sehemu mbili zilizotengwa na mwongozaji mwenyewe, kwa hiyo pumzika hapo bila hofu. Filamu iliyogawanywa kwa siku au sura, simama mwishoni mwa siku. Usisimame katikati ya shoti ndefu: ukirudi utakuwa umerejea hatua ya kwanza ya jicho, na uchovu unaanza upya. Ukiacha kwa zaidi ya siku mbili, anza mwanzo.

Nikizidiwa, niache?

Acha. Hakuna cheti. Ila tofautisha kuchoshwa na kuumizwa. Ukichoshwa, jipe dakika 30 za mwanzo zikiwa kamili, simu ikiwa chumba kingine, kisha uamue. Ukiumizwa, usingoje hata dakika moja. The Road ina ulaji wa watu na mambo ya kujiua. Time of the Wolf ina farasi anayeuawa mbele ya kamera. Soma maelezo ya maudhui kabla, hasa kama umefiwa karibuni au uko katika kipindi kigumu. Maelezo hayo hayaharibu filamu hizi, kwa kuwa hazitegemei mshtuko wa habari. Kwa watoto, alama ya umri haitoshi: filamu inaweza kukosa damu kabisa na bado ikamkosesha mtoto usingizi kwa sababu hakuna mtu mzima ndani yake anayejua la kufanya.

Wanaoisifu si wanajifanya tu?

Baadhi, ndiyo. Utawatambua kwa maneno yao: "ni kazi ya kina", "si ya kila mtu", bila kutaja picha hata moja. Aliyeipenda kweli atakutajia kiazi. Vilevile aliyeichukia kwa haki atakutajia mahali alipochoka na kwa nini. Asiye na haki ataandika "upuuzi" na kuondoka. Kwa hiyo, ukichekecha maoni, tupa yote yasiyo na tukio mahususi, ya kusifu na ya kuponda. Yatakayobaki ni machache, nayo ndiyo yenye faida.

Nitajuaje mapema kama itanifaa?

Usisome maoni ya nyota tano. Soma ya nyota mbili na tatu, maana waandishi wake hueleza kilichomo kabla ya kuhukumu. Kisha jiulize kama malalamiko yao yangekuudhi wewe. "Muziki mmoja unarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho" inaweza kuwa habari njema kwako. Trela usiiamini kwa mwendo: matukio manne ya kasi yaliyomo huenda ndiyo yote yaliyopo. Angalia urefu wa filamu, kisha tafuta kipande kimoja cha dakika mbili ambacho hakijakatwakatwa. Hicho ndicho kipimo.

Nianze na ipi?

Na fupi. La Jetée (1962) ya Chris Marker ina dakika 28 na karibu yote ni picha mnato. Kuna mahali pamoja tu ambapo picha inatikisika, na ukipepesa macho unaweza kukosa. Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu ina dakika kama 20, inaonyesha dunia baada ya vita vya maji, na haina ukatili wa kukesha nao. Ukizimaliza hizo na bado una hamu, The Road ina hadithi ya kushika mkononi. Stalker baada ya hapo. Anayemwanzishia rafiki yake kwa The Turin Horse anatafuta ugomvi.

Naandaa onyesho la kundi. Nifanye nini wasinigeuke?

Kwanza haki: kununua diski au kulipia huduma ya mtandaoni hakukupi ruhusa ya kuonyesha hadharani. Omba kwa msambazaji wa filamu, na uombe mapema.

Kwenye tangazo andika urefu kwa dakika, idadi ya maneno kama ni machache, na sentensi moja ya ukweli: filamu ya taratibu, haina mapigano, mwisho wake mzito. Watakaojitoa baada ya kusoma hivyo wamekuokoa. Jaribu filamu ukumbini saa ileile utakayoonyesha, siyo asubuhi, maana projekta haishindani na jua la dirishani. Pima tukio lenye giza kuliko yote. Kama huoni uso wa mtu kutoka kiti cha mwisho, ongeza pazia kabla ya kugusa mwangaza. Hakikisha maandishi ya tafsiri yanasomeka kutoka hapohapo na hayakatwi na vichwa vya walio mbele.

Taa zikiwashwa, usiulize "mmeipenda?" Swali hilo linagawa chumba kwa sekunde tatu na baada ya hapo kila mtu anatetea kambi yake. Gawa vipande vya karatasi, kila mtu aandike picha moja anayoikumbuka, kimyakimya, kwa dakika tano. Zisome kwa sauti bila majina. Wapinzani wakali mara nyingi huandika picha ileile, na mjadala unaanzia kwenye kitu ambacho wote wamekiona.

Nikiandika maoni yangu, niweke nini?

Ulitazama wapi na kwa kifaa gani, ulitarajia nini, na ulianza kuchoka au kuvutwa dakika ya ngapi. Tukio moja, uliandike kwa kina. Alama weka mwisho. Na kama ulisinzia, sema ulisinzia kuanzia wapi. Msomaji ataamua mwenyewe kama usingizi huo ni kosa la filamu au la siku yako.